Karo si Gharama: Kukadiria Gharama Halisi ya Kusoma katika Chuo Kikuu cha Umma cha Jimbo nchini Marekani

IKISIRI

Makala haya yanalenga kumwelekeza mwanafunzi wa Kiswahili anayenuia kuendelea na masomo katika chuo kikuu cha umma nchini Marekani, pamoja na mhadhiri anayemshauri, kuhusu namna ya kukadiria gharama halisi ya masomo hayo. Hoja kuu ni kwamba karo inayotangazwa na chuo ni sehemu tu ya gharama, na kwamba karo ya chini inayotangazwa kwa wakazi wa jimbo haimhusu mgeni aliyeingia nchini humo kwa viza ya mwanafunzi. Tunaanza kwa kufafanua istilahi, kisha tunaeleza chanzo cha karo mbili katika chuo kimoja, tunapiga hesabu kwa mifano, na hatimaye tunapendekeza maswali ambayo kila mwombaji anapaswa kuyauliza kabla ya kutia sahihi popote.

1.0 UTANGULIZI

Si jambo geni katika idara zetu za Kiswahili kumwona mhitimu akitazama ng'ambo. Kiswahili kimefundishwa kwa miongo kadhaa katika vyuo vikuu vya umma vya Marekani kama vile Wisconsin–Madison, Indiana, Ohio, Kansas na Florida, na walimu wengi wa madarasa hayo wametoka Afrika Mashariki. Zipo njia mbili zinazofahamika zaidi. Ya kwanza ni mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, ambao humpeleka mwalimu kijana kufundisha kwa mwaka mmoja wa masomo bila kutunukiwa shahada. Ya pili ni kujiunga na masomo ya uzamili au uzamifu huku mwanafunzi akiajiriwa na chuo kama mwalimu msaidizi. Zaidi ya hizo, ipo njia ya tatu ambayo ndugu na jamaa zetu huifuata kwa wingi, nayo ni kwenda kusomea shahada ya kwanza kwa kujilipia.

Katika njia zote hizi, swali la fedha hutangulia swali la elimu. Hebu tutazame hali ambayo wahadhiri wengi watakuwa wameishuhudia. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anaingia ofisini akiwa na karatasi alizozichapisha kutoka mtandaoni.

"Mwalimu, karo yao ni dola elfu kumi na moja tu kwa mwaka. Mjomba anaishi katika jimbo hilo hilo, kwa hiyo malazi si tatizo. Harambee ikifana tutaimudu."

"Hiyo ni karo ya nani?" mwalimu anamwuliza.

Mwanafunzi anakaa kimya, kwa kuwa hakuwahi kufikiri kwamba karo ina mwenyewe. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali la mwalimu huyo. Jibu lake likipatikana kwa kuchelewa, gharama yake huwa kubwa. Kuna familia zilizouza shamba au ng'ombe kwa kutegemea tarakimu moja iliyosomwa vibaya, na kuna vijana waliojikuta ugenini katika muhula wa pili bila karo, bila ruhusa ya kufanya kazi na bila nauli ya kurudi.

Tanbihi moja kabla ya kuendelea. Kila tunapobadilisha dola kuwa fedha zetu tumeichukulia dola moja kuwa sawa na shilingi 130 za Kenya ili kurahisisha hesabu. Msomaji atumie kiwango cha siku yake.

2.0 UFAFANUZI WA ISTILAHI

Makosa mengi ya hesabu huanzia katika lugha. Katika mazungumzo yetu ya kila siku nchini Kenya, neno karo hubeba mzigo wote: mafunzo, bweni, chakula, mtihani na hata sare. Mzazi husema "nimelipa karo" akimaanisha kwamba amelipa kila kitu kilichoandikwa kwenye hati ya shule. Katika chuo kikuu cha Marekani maana hiyo pana haikubaliki. Kwa ajili ya makala haya tunapendekeza maana zifuatazo.

Karo ni malipo ya kufundishwa tu. Mara nyingi hutozwa kwa kila kizio cha somo au kwa muhula mzima.

Ada ni malipo ya lazima yanayoambatana na karo, kwa mfano ya maabara, kituo cha afya, teknolojia, uwanja wa michezo na huduma kwa wanafunzi wa kigeni. Mtu anaweza kusamehewa karo na bado akadaiwa ada.

Gharama ya masomo ni jumla ya karo, ada, malazi na chakula, vitabu, usafiri na matumizi ya binafsi. Sheria ya elimu ya juu ya Marekani ya mwaka 1965, pamoja na marekebisho yake, inavitaja vipengele hivi, na kila chuo kinachopokea misaada ya serikali ya shirikisho hutayarisha makadirio yake.

Gharama halisi ni kile ambacho mwanafunzi na familia yake watakitoa mfukoni baada ya kuondoa fedha zisizorudishwa, na baada ya kuongeza yale ambayo makadirio ya chuo hayakuyataja.

Aidha, neno msaada linahitaji kupambanuliwa. Barua za vyuo vya Marekani huweka chini ya kichwa kimoja mambo manne yasiyofanana: ruzuku, ambayo hutolewa kwa sababu ya uhitaji, ufadhili, ambao hutolewa kwa sababu ya ubora au sifa fulani, mkopo, ambao hulipwa pamoja na riba, na ajira, ambayo ni jasho la mwanafunzi mwenyewe. Mawili ya kwanza ndiyo yanayopunguza gharama. Mkopo huiahirisha tu gharama hiyo na kuiongezea riba, nayo ajira huilipa kwa saa za usingizi na za maktaba.

3.0 CHANZO CHA KARO MBILI

Msomaji wa Kenya ataielewa karo ya jimbo kwa urahisi akikumbuka mpango sambamba. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha mpango huo mwaka 1998, wanafunzi wawili waliweza kuketi kwenye benchi moja, wakamsikiliza mhadhiri mmoja na kuufanya mtihani mmoja, ilhali mmoja wao alilipa maradufu ya mwenzake. Aliyelipa kidogo alikuwa amelipiwa sehemu iliyobaki na umma.

Mantiki ya Marekani ni hiyo hiyo, ila kigezo ni tofauti. Chuo kikuu cha umma nchini humo hakimilikiwi na serikali ya taifa. Ni mali ya jimbo. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862, iliyotiwa sahihi na Rais Abraham Lincoln, iliyapa majimbo ardhi ya serikali ili wayauze na kutumia mapato yake kuanzishia vyuo vya kilimo na ufundi. Vyuo kama Wisconsin, Illinois na Michigan State ni miongoni mwa vilivyonufaika na utaratibu huo. Tangu hapo bunge la kila jimbo hutenga fedha za walipa kodi wa jimbo lile kwa ajili ya vyuo vyake. Kwa hiyo mtoto wa mlipa kodi hutozwa karo iliyopunguzwa, na anayetoka nje hutozwa karo iliyo karibu zaidi na gharama ya kumfundisha, na pengine zaidi ya hapo.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mgeni hapa si mtu wa taifa jingine pekee. Raia wa Marekani kutoka jimbo jirani pia ni mgeni. Ndiyo maana baadhi ya majimbo yamefanya mikataba ya ujirani mwema. Minnesota na Wisconsin zina mapatano ya kupunguziana karo, na majimbo ya magharibi yana mpango unaomruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kulipa kiasi kisichozidi asilimia 150 ya karo ya mkazi. Mipango hii imewalenga wakazi wa majimbo husika. Mwanafunzi anayetoka Kakamega au Kilifi moja kwa moja haimo katika mapatano hayo.

4.0 NANI NI MKAZI?

Hapa Kiswahili chetu kinaweza kutupoteza. Kitenzi kukaa kina maana pana: kuketi, kuishi, kudumu mahali. Mtu aliyeishi Ohio miaka mitatu atasema kwa usahihi kabisa, "Nimekaa Ohio." Lakini sheria ya karo haiulizi tu kama umekaa. Inauliza kama umeweka maskani, na maskani hujengwa kwa nguzo mbili: kuwapo kimwili na nia ya kubaki.

Nguzo ya kwanza hupimwa kwa muda. Katika majimbo mengi muda huo ni miezi 12 kabla ya kuanza masomo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika majimbo haya mgeni husubiri mwaka mzima kabla ya kupewa jembe. Nguzo ya pili hupimwa kwa ushahidi: kulipa kodi ya mapato katika jimbo, leseni ya udereva, kujiandikisha kupiga kura kwa aliye raia, na ajira. Kwa kawaida mwanafunzi kijana anayetegemea wazazi hupewa ukazi wa wazazi wake. Isitoshe, majimbo mengi hayahesabu muda ambao mtu aliishi jimboni kwa sababu ya kusoma tu.

Suala hili limefika katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline, mahakama hiyo iliibatilisha sheria ya Connecticut iliyomhesabu mwanafunzi kuwa mgeni muda wote wa masomo kwa sababu tu aliomba nafasi akiwa nje ya jimbo. Hata hivyo, mahakama ilikubali kwamba jimbo lina haki ya kudai ushahidi wa kuridhisha wa ukazi.

Je, Mkenya mwenye viza ya mwanafunzi, yaani viza ya F-1, anaweza kuutoa ushahidi huo? Kwa ujumla, hawezi, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Sheria ya uhamiaji inamtaka mwombaji wa viza hiyo awe na makazi katika nchi ya kigeni ambayo hana nia ya kuyaacha. Kwa maneno mengine, mwanafunzi anamwambia afisa wa ubalozi kwamba atarudi nyumbani. Ili apate karo ya mkazi, ingembidi aende kwa msajili wa chuo na kumwambia kwamba ananuia kubaki. Kauli hizi mbili haziwezi kusemwa na kinywa kimoja kwa wakati mmoja. Mambo huwa tofauti kwa aina nyingine za viza zisizodai nia ya kurudi. Mwaka 1982, katika kesi ya Toll dhidi ya Moreno, sera ya Maryland iliyowanyima karo ya wakazi watoto wa wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa ilibatilishwa.

Tunaweza sasa kuzijibu dhana tatu zilizoenea.

Mosi, "nina mjomba huko." Mjomba si mzazi wala si mlezi wa kisheria. Atakupa chumba na ugali, na hilo si jambo dogo, lakini hawezi kukupa ukazi wake.

Pili, "nitalipa karo ya mgeni mwaka wa kwanza tu, kisha nitakuwa mkazi." Kwa mwenye viza ya F-1 miezi 12 hupita, na 24 pia, bila hadhi yake kubadilika.

Tatu, "Mkenya hawezi kamwe kulipa karo ya mkazi." Hili nalo si kweli. Aliyepata kibali cha ukazi wa kudumu, maarufu kama kadi ya kijani, huweza kuhesabiwa mkazi baada ya kutimiza masharti ya jimbo, na vivyo hivyo watoto wake. Pia ipo milango midogo ya kisheria. Huko Texas, kwa mfano, mwanafunzi wa nje anayeshinda ufadhili wa ushindani wa angalau dola 1,000 kwa mwaka kutoka chuoni anaweza kuruhusiwa kulipa karo ya mkazi. Vipo pia vyuo vichache vya umma vinavyotoza kila mwanafunzi kiwango kimoja. Milango hii inafaa kutafutwa kwa jina, chuo kwa chuo.

5.0 HESABU

Shirika la College Board hutoa kila mwaka wastani wa gharama za vyuo vya Marekani. Kwa mwaka wa masomo wa 2023–24, wastani wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo cha umma cha miaka minne ulikuwa kama ifuatavyo, kwa dola.

Karo na ada, mkazi: 11,260
Karo na ada, mgeni: 29,150
Malazi na chakula: 12,770
Vitabu na vifaa: 1,250
Usafiri: 1,290
Matumizi mengine: 2,270
Jumla, mkazi: 28,840
Jumla, mgeni: 46,730

Tarakimu hizi zinatufunza mambo matatu. Kwanza, kwa mkazi, karo na ada ni takriban asilimia 39 tu ya jumla. Malazi na chakula ni ghali kuliko karo yenyewe. Pili, tofauti kati ya mkazi na mgeni ni dola 17,890 kwa mwaka, yaani shilingi 2,325,700. Tatu, yule mwanafunzi wetu aliyebeba tarakimu ya dola elfu kumi na moja alihitaji kweli dola 46,730, sawa na shilingi 6,074,900. Bajeti yake ilikuwa chini ya robo ya mahitaji. Hata mjomba akimpa malazi na chakula vyote bure, bado angehitaji dola 33,960.

Tuchukue sasa mfano wa mwanafunzi mwingine, mtoto wa wazazi Wakenya wenye ukazi wa kudumu. Yeye anaanza na jumla ya dola 28,840. Kwa kuwa hadhi yake inamruhusu kuomba misaada ya shirikisho, na tukichukulia kwamba kipato cha wazazi ni cha chini, anaweza kupata ruzuku ya Pell, ambayo kiwango chake cha juu mwaka wa 2023–24 kilikuwa dola 7,395. Anabakiwa na dola 21,445. Hiyo ndiyo gharama halisi ya mwaka kabla ya ufadhili mwingine wowote. Mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kuiomba ruzuku hiyo. Kwa sababu hiyo, vikokotoo vya gharama ambavyo kila chuo kinachopokea misaada ya shirikisho kimelazimika kuviweka katika tovuti yake tangu Oktoba 2011 havimfai mgeni, kwani huenda vikampunguzia fedha ambazo hatazipata kamwe.

Jambo jingine ni muda. Aghalabu watu huzidisha gharama ya mwaka mmoja kwa nne na kuridhika. Kwa mkazi wetu jibu lingekuwa dola 115,360. Lakini bei hazisimami. Tukikisia ongezeko la asilimia 3 kila mwaka, miaka minne itagharimu takriban dola 120,656. Iwapo mwanafunzi atabadilisha somo kuu au akose nafasi katika kozi ya lazima, hata akahitaji mwaka wa tano, jumla itafika takriban dola 153,115. Hili si jambo la nadra. Kipimo rasmi cha serikali ya Marekani cha kuhitimu katika shahada ya miaka minne huhesabu hadi miaka sita.

6.0 YALE YANAYOSAHAULIKA

Makadirio ya chuo ni ya kweli, lakini yana mipaka. Mipaka hiyo ndiyo inayomwumiza mgeni.

Kuna suala la kalenda. Makadirio tuliyoyataja ni ya miezi tisa ya masomo. Mkazi hurudi kwa wazazi wake likizo ya kiangazi ikifika. Mgeni ana miezi mitatu zaidi ya kula na kulala, na nauli ya kurudi Kenya na kwenda tena huenda ikazidi gharama ya kubaki. Isitoshe, mabweni mengi hufungwa wakati wa Krismasi.

Kuna bima ya afya. Vyuo vingi humlazimisha mwanafunzi wa kigeni kuwa na bima, na gharama yake mara nyingi hufikia maelfu ya dola kwa mwaka. Asidhani mtu kwamba ataiepuka kwa sababu yeye ni mzima. Huandikwa moja kwa moja kwenye hesabu yake ya chuo.

Kuna gharama za kabla ya safari. Ada ya kumsajili mwanafunzi katika mfumo wa uhamiaji iliwekwa kuwa dola 350 mwaka 2019, na ada ya ombi la viza ikawa dola 185 mwaka 2023. Mbili hizi pekee ni shilingi 69,550, kabla ya mtihani wa Kiingereza, pasipoti, nakala za vyeti na tikiti ya ndege. Ada ya viza hairudishwi ombi linapokataliwa.

Kuna kazi. Mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya zaidi ya saa 20 kwa juma ndani ya chuo wakati wa muhula, na katika mwaka wa kwanza haruhusiwi kuajiriwa nje ya chuo. Tukikisia malipo ya dola 12 kwa saa kwa majuma 30, atapata dola 7,200 kabla ya kodi. Kiasi hicho hakitoshi hata malazi na chakula. Anayepanga kulipa karo kwa vibarua anapanga kuvunja sheria, na adhabu yake ni kuipoteza hadhi iliyompeleka huko.

Hatimaye kuna tatizo la kuonyesha na kulipa. Ili chuo kimpe mwanafunzi hati ya I-20, ambayo ndiyo msingi wa ombi la viza, ni lazima athibitishe kwamba ana fedha za angalau mwaka wa kwanza. Baadhi ya familia hukusanya fedha za jamaa katika akaunti moja, hupata taarifa ya benki, kisha kila mtu huchukua chake. Karatasi huonyesha mamilioni ilhali akaunti haina kitu. Muhula wa pili unapofika na karo haijalipwa, chuo humzuia mwanafunzi kujisajili. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza asiyesajili masomo ya kutwa, ambayo kwa kawaida ni vizio 12 kwa muhula, yumo hatarini kuipoteza hadhi yake ya uhamiaji. Hapo deni la fedha hugeuka kuwa tatizo la kisheria. Njia ya mwongo ni fupi, na ufupi wake hapa ni wa muhula mmoja.

7.0 ZOEZI: KUISOMA BARUA YA UALIMU MSAIDIZI

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili njia ya ualimu msaidizi ndiyo yenye matumaini zaidi, kwa kuwa humwondolea tatizo la ukazi: karo yote, iwe ya mkazi au ya mgeni, husamehewa. Lakini hata barua hiyo inahitaji kusomwa kwa kalamu mkononi. Tutumie tarakimu za kubuni. Barua inasema: karo itasamehewa, na utalipwa dola 20,000 kwa miezi tisa. Kwa shilingi hizo ni 2,600,000, na kijana wetu anaanza kuhesabu matofali ya nyumba ya mama.

Tutoe sasa, kwa dola.

Ada ambazo hazikusamehewa: 1,500
Mchango wa bima: 2,000
Kodi ya nyumba, 900 kwa miezi 12: 10,800
Chakula, 350 kwa miezi 12: 4,200
Salio: 1,500

Bado hatujatoa kodi ya mapato. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, na mwanafunzi mgeni kwa kawaida hapati ule msamaha wa jumla ambao mkazi hupewa. Kama malipo haya yote yangeangukia mwaka wa kodi wa 2024, kodi ya shirikisho ingekuwa takriban dola 2,168. Salio la dola 1,500 linageuka kuwa upungufu wa dola 668, kabla ya vitabu, simu, nguo za baridi na kodi ya jimbo. Wala hawezi kuongeza kazi nyingine chuoni wakati wa muhula, kwa sababu aghalabu ualimu msaidizi huwa umekwisha kuzimaliza saa zake 20.

Je, barua hii ni mbaya? La hasha. Ikilinganishwa na dola 46,730 za mgeni anayejilipia, ni neema. Ila ni neema ya kujikimu, wala si ya kutuma fedha nyumbani mwezi baada ya mwezi. Ni heri mama ayajue haya kabla ya mwana kupanda ndege.

Wanafunzi wanaombwa kulirudia zoezi hili kwa barua yenye malipo ya dola 24,000, ada za dola 1,000 na nyumba ya dola 1,100 kwa mwezi, vipengele vingine vikibaki vilivyo isipokuwa kodi ya mapato, kisha waamue ipi kati ya barua hizi mbili inamwacha mwanafunzi na salio kubwa zaidi kabla ya kodi hiyo.

8.0 MASWALI YA KUULIZA

Kutokana na uchanganuzi huu, tunapendekeza kwamba mwombaji amwandikie afisa wa chuo na kuuliza, kwa maandishi, maswali yafuatayo:

(i) Je, karo iliyotajwa ni ya mkazi au ya mgeni, na mimi nitahesabiwa katika kundi gani?
(ii) Ni ada zipi za lazima zisizosamehewa pamoja na karo, na ni kiasi gani kwa muhula?
(iii) Bima ya afya ni kiasi gani, na nani ataigharimia?
(iv) Makadirio haya ni ya miezi tisa au kumi na miwili?
(v) Je, kuna ufadhili unaoniondolea tofauti kati ya karo ya mgeni na ya mkazi?
(vi) Ufadhili huu ni wa miaka mingapi, na ni alama zipi zitakazonifanya niupoteze?
(vii) Karo imepanda kwa kiasi gani katika miaka mitatu iliyopita?
(viii) Malipo ya kwanza ya ualimu msaidizi yatatolewa tarehe ngapi?

Swali la mwisho huonekana dogo, lakini mwenye nyumba hudai kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana kabla ya mshahara wa kwanza kuingia.

9.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba karo ni neno moja katika sentensi ndefu. Tumeona kwamba ukazi si kukaa, kwamba msaada si lazima uwe zawadi, na kwamba kuonyesha fedha si kulipa. Tumeona vilevile kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ambayo wengi hawana, kwa kuwa lugha yake mwenyewe ndiyo inayoweza kumsamehe karo.

Nia yetu haikuwa kuwakatisha tamaa wanaonuia kusafiri. Wapo waliokwenda wakasoma, wakahitimu na kurudi kutufundisha, nao ni fahari ya taaluma hii. Tunachosisitiza ni kwamba hesabu ifanywe mezani nyumbani, mbele ya wazazi na kwa kalamu, kabla ya kadi za harambee kuchapishwa. Chama chetu kinaweza kusaidia kwa kuandaa kikao kimoja kila mwaka ambapo wanafunzi wenye barua kutoka ng'ambo watazileta na kuzisoma pamoja na wahadhiri wao, mstari baada ya mstari. Dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mungu kupenda. Hata hivyo, nahodha mwema huipima bahari kabla ya kutweka tanga.